Ndiga Katika Chombo cha Maziwa

Haya nilihadithiwa na nyanya yangu mzaa baba, Tuneya, mwaka wa mafuriko ya sitini na moja, tulipokimbilia mwinuko wa Tarasaa tukingoja maji yashuke. Yeye alikuwa mmoja wa watoto wa chuo cha Kurani nitakaowataja.

Ulikuwa mwaka ambao sotoka ilimaliza ng'ombe nyikani, na mto nao haukufurika, basi mashamba ya kingoni hayakuota kitu. Hapo Garsen, Mwanaarusi mkulima alikuwa amezika watoto wake wawili. Likambakia neno moja tu moyoni: asizikwe mwingine, awe wa nani awe.

Akamwendea Maalim Swaleh, mtu wa Ozi aliyekuja kufundisha Kurani. Alikuwa na watoto kumi na tisa wanaosoma kwa sauti za mbu.

"Maalim, hawa hutawahitimisha. Watakufia kwenye juzuu ya kwanza."

"Nifanyeje, Bi Mwanaarusi? Mimi najua kitabu, sijui chungu."

"Chungu nakijua mimi. Wewe ndiye wanayekusikiliza. Na yule bibi wa Kiorma aliyehamia juzi anaijua nyika."

Bibi huyo ni Kaltuma, aliyebaki na mjukuu mmoja, Sadia, ambaye tayari alikuwa miongoni mwa wale kumi na tisa, na chombo kimoja cha maziwa. Alipoitwa alisimama mbali, akaziba pua.

"Mnanuka samaki."

"Samaki ananuka na miguu yangu inatembea. Ng'ombe wako ananuka na wewe umelala njaa," Mwanaarusi akamjibu.

Kaltuma akacheka, cheko la kwanza tangu ahame. Kisha akakaa.

Basi kila asubuhi, kitabu kikishafungwa, watoto waliingia darasa la pili. Kaltuma aliwaonyesha matunda ya mkoma na utomvu wa mgunga unaolika. Mwanaarusi aliwafundisha ndiga, kile kiazi cha mwituni chenye sumu: unakimenya, unakikata vipande, unakitia kikapuni na kukifunga kwenye kigingi mtoni, maji yakipitie. Maalim naye, ili wasisahau, akawatungia maneno ya kuhifadhi: "Menya, kata, loweka siku tatu, pika, kula."

Waliyaimba wakiwa wamesimama mtoni, maji yakiwapita magotini. Nani angeona haja ya kuutaja mkondo? Mwanaarusi mwenyewe alifunzwa na mamake kwa mikono tu, wala hakuwahi kuuliza kwa nini.

Mwezi mzima hakufa mtoto wa chuo. Kila asubuhi Mwanaarusi alihesabu vichwa: kumi na tisa.

Halafu wenye njaa wakaanza kuiba vikapu mtoni. Kaltuma alipoibiwa mara ya pili, Sadia alimwambia, "Akoo, nyanya yangu, tulowekee nyumbani. Mimi nimehifadhi yote." Akamwimbia.

Kaltuma akakishusha kile chombo, kikavu tangu ng'ombe wafe. Akakifukiza kwa makaa mara mbili, kama alivyofunzwa tangu usichana, maana maziwa yakilazwa humo bila kuguswa huwa matamu. Akatia maji, akatia ndiga, akafunika. Siku tatu hakukifunua. Siku ya nne akapika, akampa Sadia zote. "Kula, mimi nimekwisha kula," akasema, na hakuwa amekula.

Kabla ya adhuhuri mtoto alikuwa anatapika, ulimi umekuwa mzito. Mwanaarusi alikuja mbio, Maalim nyuma yake.

"Mmeloweka siku ngapi?"

"Tatu, dada."

"Wapi?"

Kaltuma akamwonyesha chombo. "Ni safi. Nilikifukiza mara mbili."

Mwanaarusi akachovya kidole, akaonja, akatema. Uchungu wote wa siku tatu ulikuwa mle mle. Haukuwa na pa kwenda.

"Maalim," Sadia akasema, "menya, kata, loweka siku tatu… nimekosea wapi?"

"Hukukosea, mwanangu." Maalim akageuza uso.

Sadia alikufa kabla ya alasiri. Walipotoka kuzika kesho yake asubuhi, wazazi walikuwa wameshuka mtoni. Vikapu vyote vilipinduliwa, hata vya ndiga iliyokwisha kuwa tamu. "Mwanamke wa sumu!" walimpigia kelele Mwanaarusi. Watoto walizibwa vinywa wasiimbe tena. Maalim akafunga virago, akarudi Ozi. Kufikia mafuriko yaliyofuata, nyanya aliniambia, katika wale kumi na tisa walibaki sita.

Mwanaarusi alimfuata Kaltuma nyumbani, akakaa karibu naye.

"Kwa nini lazima mtoni?" Kaltuma akauliza.

"Maji yapitayo huondoka na sumu."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia. Na mimi sikuambiwa."

Kaltuma akakichukua kile chombo. Akajilaza mkekani, chombo kifuani, na udhaifu wa njaa ukamtia usingizi.

Mwanaarusi akaanza polepole: menya, kata, loweka siku tatu kwenye maji yanayokwenda. Yalikaa vizuri mdomoni, yasingemzidi hata mtoto wa miaka mitano. Akatazama mlangoni. Hapakuwa na mtoto wa kumwambia. Akayasema tena, na tena, jua bado juu, mpaka kichwa kikamwinamia magotini, naye akalala.