Kurasa Sita za Shangazi

Karani aliipima bahasha kwa kiganja, akaitikisa kama mtu anayetaka kujua kuna nini ndani, kisha akamtazama mwanamke aliyesimama dirishani.

"Mama, huu ni wasifu au ni mirathi?"

"Ni wasifu, baba."

"Wa mtu mmoja?"

Walimu wawili waliokuwa wakipita na vikombe vya chai wakacheka. Shangazi naye akacheka, maana ndivyo alivyofanya kila alipoaibika, huku vidole vyake vikifungua na kufunga mkoba. Jina la Shangazi alipewa na wenzake wa masomo ya jioni. Alikuwa mkubwa kuliko wote darasani, hata mwalimu alimwamkia kabla ya kumsahihishia. Mchana alishona nguo, jioni alisoma, na mwaka huu, baada ya kurudia hisabati mpaka zikamzoea, alipata cheti cha ualimu wa shule ya msingi. Shule hii ilikuwa imetangaza nafasi. Moja tu. Na leo ilikuwa siku ya mwisho ya kupokea maombi.

"Nisikilize vizuri, usije ukasema sikukwambia," karani alisema. "Mwalimu mkuu anasoma kurasa mbili. Mtu akileta tatu, mimi nang'oa ya tatu. Ndiyo kazi niliyopewa." Akasukuma kwa mguu kasha lililokuwa chini ya meza. Lilijaa karatasi zilizong'olewa, nyingine pini bado zimezing'ang'ania pembeni. "Haya, tuone mbili zako za mwanzo zina nini."

Akasoma kwa sauti. "'Nilizaliwa katika nyumba ya watu wanaomcha Mungu, nikaugua surua nikiwa mchanga hata majirani wakakata tamaa, lakini Bwana akaninyanyua.' Mama, surua ilikuacha salama, tunashukuru. Kufundisha kuko wapi?"

"Ukurasa wa tano."

"Wa tano hafiki mtu." Akamrudishia bahasha. Hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu. "Nafunga dirisha nikienda kula. Nikirudi sipokei tena. Kimbia."

Kosa lenyewe halikutokana na uvivu. Shangazi hakuwa amewahi kueleza habari zake mahali popote isipokuwa kwenye kikundi chake cha sala, ambako mtu akisimama kutoa ushuhuda hutakiwa kuanzia mbali. Ukiliruka shimo ulimotolewa, umempunguzia Mungu sifa. Kwa hiyo shule ilipotaka wasifu, alipiga magoti kwanza, kisha akaandika yote: surua, shule aliyoiacha njiani, ndoa, cherehani, kwaya, ugonjwa wa mumewe, kifo chake, masomo ya jioni. Cheti kilikuja mwisho kabisa, kwa sababu kwenye ushuhuda muujiza huja mwisho.

Alitoka getini nusu anatembea, nusu anakimbia. Akasimama kuangalia kama bahasha anayo, nayo alikuwa ameishika. Alijaribu kuomba, lakini maombi yenyewe hayakutulia. Bwana, nakuomba. Kusiwe na foleni dukani. Bwana, nakuomba. Umeme usikatike. Jua lilikuwa limeshapanda sana, na kila mtu aliyekuwa mbele yake barabarani alionekana amepanga kutembea polepole.

Duka la steshenari lilikuwa kona ya pili baada ya kituo cha mafuta. Mchapaji wa humo alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Yeye ndiye aliyezichapa zile kurasa sita kwa moyo mweupe, akaziwekea na koma. Naye alikuwa mtu wa kikundi kilekile cha sala, kwa hiyo hakuona kasoro.

"Umerudi?" wifi akamaka. "Wamekupa kazi palepale?"

"Wamesema ni mirathi."

"Nani kasema?"

"Wifi, fungua hiyo kompyuta. Zinatakiwa kurasa mbili, na karani anakwenda kula."

"Mbili? Kilemba chako peke yake hakienei kwenye mbili." Lakini vidole vilishaanza kazi. Mteja mmoja aliyetaka nakala ya kitambulisho akaambiwa asubiri, akakaa kwenye benchi.

Surua ikatoka. Majirani waliokata tamaa wakatoka. Shangazi alisimama nyuma ya kiti, akaketi, akasimama tena.

"Kwaya nayo?"

"Itoke."

"Sauti yako ilitakiwa itoke kwenye kwaya siku nyingi."

Mteja akacheka benchini. Shangazi hakucheka. Aliitazama saa ya ukutani, ambayo ilikuwa ya duka na hivyo huenda haikuwa sahihi, jambo lililomtesa zaidi.

Kisha vidole vya wifi vikasimama. Walikuwa wamefika ukurasa wa tatu.

"Na hapa?"

"Toa."

"Na wa nne?"

"Wifi, muda."

"Nakuuliza. Unataka nimfute kaka yangu kwa kidole changu mwenyewe?"

Mashine ya nakala ilikuwa ikinguruma pembeni. Kurasa hizo mbili zilieleza miaka ambayo mume wa Shangazi, dereva wa malori, alilala kitandani baada ya kupigwa na kiharusi, na jinsi mkewe alivyoacha kushona ili amuuguze.

"Tuandike tu kwamba nilikuwa nyumbani kwa sababu za kifamilia," Shangazi akasema. "Wenzangu wa jioni ndivyo wanavyoandika."

"Kaka yangu si sababu za kifamilia."

"Sasa unataka nifanyeje? Nikimwacha humo, wananing'oa mimi. Nikimtoa, wewe ndiye wa kwanza kuninunia. Basi, acha. Labda Mungu hakupanga. Nitarudi kwenye cherehani yangu."

"Wewe usimsingizie Mungu! Umechoka, sema umechoka." Wifi akaisogeza sura yake karibu na kioo, akasoma kimyakimya, midomo ikitembea. Akarudi nyuma, akasoma tena. "Hebu njoo hapa. Hiki ulichokiandika hapa ni nini?"

"Ni ugonjwa wake."

"Ugonjwa uko juu. Hapa chini unasema herufi zilimpotea zote, mtu aliyekuwa akisoma vibao vya barabarani gari likiwa mbioni. Unasema ulikaa naye kila asubuhi mkianza upya, na siku alipokutupia kitabu hukukata tamaa, mkaendelea. Hicho ni nini?"

"Nilikuwa namuuguza."

"Ulikuwa unafundisha, wifi! Nilikuwa nikiwakuta mnasoma nikija na uji. Wewe umeliandika kama msiba ndiyo maana hulioni."

"Hakuna aliyeniajiri."

"Na mafunzo yako kwa vitendo, walikulipa?"

"Hapana."

"Haya."

Shangazi akafumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuomba kitu chochote, alinyamaza tu mbele za Mungu, kama mtu aliyeitwa akaitika na sasa anasubiri kuambiwa. Alipofumbua, alivuta kiti.

"Andika," akasema. "Juu kabisa weka cheti. Chini yake kufundisha: mafunzo kwa vitendo, darasa la pili, kusoma na kuandika. Halafu yeye. Andika hivi: 'Nilimfundisha mume wangu kusoma upya baada ya yeye kupata kiharusi, mpaka alipofariki.' Weka nukta."

"Mstari mmoja?"

"Mmoja."

Wifi aliuchapa polepole kuliko mistari yote. Kisha akajipangusa pua kwa mgongo wa mkono, akabonyeza printa na kumgeukia mteja. "Lete hicho kitambulisho, kaka. Na usitazame watu wakilia."

Ulitoka ukurasa mmoja na robo. Shangazi alimkuta karani ameshashika chakula chake mkononi, ufunguo uko mlangoni. Akazipokea karatasi, akazigeuza nyuma kuona kama kuna nyingine zimejificha.

"Nyingine umezila?"

"Zimetosha, baba."

Wakampigia simu juma lililofuata. Siku za katikati hapo Shangazi alishona mkono wa kulia mahali pa mkono wa kushoto, akaufumua, akaushona vilevile tena. Simu ilipolia aliiangusha.

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Ofisi yake ilikuwa ndogo, na kupitia ukutani zilisikika kelele za darasa lisilo na mwalimu. Alimkaribisha Shangazi, akaweka ule ukurasa mezani na kidole juu ya mstari mmoja.

"Wengine niliowaita wana uzoefu mrefu kuliko wako, sitakuficha. Nimekuita kwa ajili ya huu mstari. Nieleze."

Shangazi alihisi kurasa zote sita zikimpanda kooni, kuanzia surua. Akazimeza.

"Kiharusi kilimfutia herufi zote, mama. Nilianza na kitabu cha watoto, akakichukia. Alikuwa mtu mzima, dereva, halafu anaonyeshwa picha ya kuku. Akakitupa. Nikakaa na kosa langu siku kadhaa. Kisha nikaacha kitabu, nikaleta ukurasa wa michezo wa gazeti, kwa sababu alikuwa mtu wa mpira. Tulianza na timu yake. Hakutaka timu nyingine isomwe kabla ya hiyo."

"Alifika wapi?"

Hili Shangazi hakuwa ameliandika hata katika zile kurasa sita, kwa kuwa aliyekuwa akichapa angeshindwa kuendelea.

"Alifika kwenye jina la dada yake. Liliandikwa kwenye kadi ya pole. Alilisoma lote mwenyewe, akacheka. Jumapili yake akafariki."

Mwalimu mkuu alivaa miwani, akaivua. Hakumpa pole, na Shangazi alishukuru kwa hilo.

"Hao unaowasikia," mwalimu mkuu akasema, akielekeza kichwa ukutani, "ni darasa la nne. Kuna kundi humo ndani wamepandishwa kila mwaka na hawajui kusoma. Ukiwapa kitabu cha darasa la kwanza wanaona aibu, wanageuka wagomvi. Mwalimu wa mwisho aliondoka kwa sababu yao. Nitakupa muhula mmoja wa majaribio. Wakianza kusoma, nafasi ni yako. Wasipoanza, sitaweza kukutetea mbele ya bodi. Ungeanzia wapi?"

Shangazi aliugeukia ukuta. Upande wa pili dawati lilianguka, sauti nyingi zikashangilia. Tayari alikuwa amesimama.

"Siwezi kusema bila kuwaona," alisema. "Naomba niwaone."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, mama, kama inawezekana."

Mwalimu mkuu akatafuta ufunguo wa ofisi kwenye droo, lakini Shangazi alikuwa ameshafika kwenye korido, akifuata kelele, na mkoba wake ameusahau juu ya kiti.