Sahani Zilizongoja

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Agosti 1984, saa mbili na nusu asubuhi, Land Rover ya shamba la mbegu ilitoka langoni kwenda stesheni ya Makindu kuchukua katoni nne za sahani za udongo. Dakika kumi baadaye Mbula, mke wa Kiilu, alianza kutokwa na damu. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba. Shamba lenyewe liko chini ya Kathonzweni, na lilikuwa na gari moja tu linalotembea. Hospitali ilikuwa huko huko Makindu lilikokwenda gari.

Kiilu alimlaza mkewe kwenye veranda ya ofisi, juu ya magunia matupu ya mtama, kwa sababu gari likirudi lingepita hapo kwanza. Kila Mbula alipofungua macho, Kiilu alimwambia kwa Kikamba, "Eteela." Ngoja. Mbula hakuwa mwanamke wa kubishana. Alingoja mpaka saa tisa, halafu akaacha. Land Rover iliingia saa kumi. Sahani zilikuwa zimefungwa kwa nyasi, hata moja haikuwa imevunjika, na meneja, Bwana Jonah Mwangangi, alimsifu dereva kwa uangalifu wake.

Hizo hazikuwa sahani za kulia. Ni visahani vyeusi vya upana wa kiganja, vinavyorushwa na mtambo ili mtu avivunje kwa risasi vikiwa hewani. Kiilu alikuwa mfukuza ndege wa shamba. Kwa miaka kumi na moja alikuwa ameulinda ule mtama wa kumwagiliwa kwa bunduki yake, na hakukosa mara nyingi. Bwana Mwangangi aliona hilo, akaamua kuanzisha timu ya kulenga shabaha. Mameneja wengine walikuwa na vikombe kwenye kabati zao, yeye alikuwa na kalenda. Mwaka huo watu walikuwa wakipanga foleni kupewa mahindi ya njano ya msaada, lakini sahani ziliagizwa na zikafika.

Baada ya matanga, Kiilu aliuliza ni nani aliyelituma gari siku ile.

"Baba Mutindi, mimi naendesha tu," Nzioka, dereva, alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wake. "Karatasi huja kwangu ikiwa imeshatiwa sahihi."

Karani alisema karatasi iko kwa meneja. Meneja alisema huo ulikuwa uamuzi wa kamati. Kamati ilikuwa ni meneja na karani, na hawakukumbuka kukutana. Kiilu akarudi kwa mtama, maana ndege hawana matanga.

Mwezi wa Oktoba akaja mwalimu kutoka Nairobi, Evanson Kahiga, mstaafu wa jeshi, mtu wa sauti ya chini. Alikuta risasi ni chache, nyingine zikiwa zimepotea njiani vile mali ya serikali hupotea. Basi akasema wataanza na akili. Kila asubuhi wapigaji walikaa kwenye benchi wamefumba macho, wameshika mipini ya jembe mahali pa bunduki, wakivuta pumzi na kuitazama sahani inayoruka kichwani. Mwalimu akataka kila mtu achague neno moja la kujituliza, alitaje moyoni kabla ya kuita sahani.

"Langu ni ugali," akasema Kiema wa stoo. "Nikiutaja, hata goti linatulia."

"Mweupe ama wa njano?" Nzioka akauliza, akipaka mtambo grisi.

"Wa njano si ugali, hiyo ni adhabu."

Wakacheka. Mwalimu akamgeukia Kiilu. "Na wewe, mzee?"

"Eteela," Kiilu akasema. Hakulitafuta. Lilikuwa kinywani mwake tangu Agosti.

"Ni neno zuri. Iambie sahani hivyo. Akili ikitulia, utaona kama imepunguza mwendo."

Risasi zilipopatikana, Kiilu alisimama kwenye alama ya saruji, akavuta pumzi, akasema neno lake, kisha akaita, "Vuta!" Nzioka, aliyekuwa shimoni kwenye mtambo, akavuta kamba. Sahani ikaruka mpaka juu ya mgunga ulio mwisho wa uwanja, ikasimama. Ikabaki hapo hewani, ikizunguka polepole. Kiilu akalenga bila haraka, akaivunja.

Mwalimu alitazama saa yake. "Usichelewe sana," akasema. "Waamuzi hawapendi."

Mashindano yalikuwa Jumamosi, tarehe mosi Disemba. Zilikuja timu kutoka mashamba matano. Kwaya ya kanisa iliimba, mgeni wa heshima akachelewa, kwaya ikaimba tena. Ndinda, mama yake Mbula, alifika kutoka Nunguni akiwa na nguo zake za Jumapili. Kwa heshima ya wakwe hakumkaribia Kiilu. Alisimama upande wa pili wa uwanja, uso ameugeuzia mtama.

Mwishoni walibaki wawili, Kiilu na mtu mmoja mwembamba wa Kitui, kila mmoja na sahani ishirini na tano. Wa Kitui alivunja ishirini na mbili. Zamu ya Kiilu ilipofika, aliita sahani ya kwanza, ikasimama juu ya mgunga. Hakuipiga. Akaita ya pili, ikasimama kando ya ile. Nzioka akaendelea kuvuta kamba, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuvuta akiambiwa. Zilipotimia ishirini na tano, zimejipanga kama nguo kwenye kamba, Kiilu alitoa risasi kwenye bunduki, akailaza chini, akageukia hema la wageni.

"Bwana Meneja, hili neno ninaloziambia nilimwambia mama Mutindi kwanza. Alingoja kutoka asubuhi mpaka saa tisa pale kwa veranda yako. Hizi pia zitangoja. Mimi nataka kuambiwa tu, nani alituma gari."

Bwana Mwangangi alifuta shingo kwa leso. "Kiilu, piga kwanza. Tutazungumza baadaye."

"Baadaye gani, bwana?"

Mgeni wa heshima akauliza kama chai iko tayari.

Mwamuzi alifungua kitabu cha sheria. Sahani ikivunjika ni alama, ikianguka nzima ni kosa. Iliyosimama haikuandikwa. Kwa hivyo mashindano hayakuwa yameisha, na mshindi hangeweza kutajwa. Bwana Mwangangi alilichukua kombe akalitunze ofisini mpaka hapo yatakapoisha. Kabati lilikuwa limeshatengenezwa.

Kabla ya kuondoka, mwalimu Kahiga alimpa Kiilu mkono. "Sikukufundisha vibaya, mzee."

"Hapana, mwalimu. Ulinifundisha vizuri."

Sahani zilibaki. Upepo wa Januari ulizitikisa, hazikuanguka. Ndege waliziogopa, mtama ukaiva bila kuguswa hata suke moja. Mwisho wa mwezi Kiilu aliitwa ofisini, akasomewa barua kwamba kazi ya kufukuza ndege haihitajiki tena. Akatia kidole alipoonyeshwa.

Mwezi wa Februari meneja aliita mkutano wa shamba zima. Kiilu pia alikuja, kwa sababu nyumba ya shamba alikuwa hajaiachia. Meneja alisema wanaopita chini ya sahani wavae kofia. Alisema zile ishirini na tano hazitumiki tena, kwa hivyo zimeagizwa nyingine, na Jumanne gari litakwenda stesheni. Halafu akauliza kama kuna lolote la ziada.

Ndinda, ambaye hakuwa mfanyakazi wala hakualikwa, akasimama nyuma. Kiilu alipoisikia sauti ya mama mkwe, alitoka nje kwa heshima, akaketi kwenye ngazi ya veranda.

"Ya mtoto wangu mumeshazika," Ndinda akasema. "Nauliza ya Jumanne. Nikiingia hapa nimehesabu kina mama wawili wenye mimba. Mmoja akianguka saa ile dereva anawasha gari aende kwa sahani, ni nani hapa, kati yenu wote, mwenye ruhusa ya kumwambia asimame?"