Kabla ya Jumatano

Ezironi alikuwa fundi wa simu mjini Bwera, na kibanda chake kilitazama barabara inayoteremka kwenda mpakani Mpondwe. Wateja wake wengi walikuwa Wakongo waliovuka asubuhi kununua bidhaa na kurudi kwao jioni. Alhamisi, tarehe kumi na tisa Septemba mwaka 2013, gari lisilo na namba lilisimama mbele ya kibanda hicho. Wakashuka wanaume watatu wasiovaa sare. Mmoja aliinua simu iliyokuwa imefunguliwa mezani akauliza ni ya nani.

"Ya mteja, afande," Ezironi akajibu. "Aliiacha jana, haishiki chaji."

"Mteja wa wapi?"

"Wa ng'ambo."

"Panda gari."

Yvette, mwanamke wa Butembo aliyeuza vitenge kibanda cha jirani, aliyasikia yote. Gari lilipopotea upande wa Kasese, alikimbia mpaka nyumbani kwa Ezironi bila viatu.

"Mama Ronnie!" alimwita Gorret, mke wa Ezironi. "Bamebeba bwana yako! Batu batatu, hapana uniforme!"

Gorret alizunguka kila kituo alichokijua. Kila alikofika aliambiwa hapa hatuna mtu wa jina hilo. Mama mkwe wake, Edisa, akateremka kutoka Karambi na kikapu cha mihogo, akakaa sebuleni akiomba Mungu. Mjini watu walikuwa wakinong'ona habari za waasi walioko misituni upande wa Beni, na kwamba simu ile ilikuwa na namba zao. Wateja wa Ezironi wakaanza kupita upande mwingine wa barabara.

Wiki ya pili akaja mgeni. Alijiita Sunday. Alikuwa mtu mpole, shati lake limepigwa pasi vizuri, na alivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyemwomba. Alisema anafanya kazi na serikali, hakusema wapi. Kisha akatoa kwenye mfuko alioubeba shati la Ezironi lililokunjwa.

"Amesema mumfulie," akasema. "Ni mzima. Anakula."

Edisa alilikumbatia lile shati akalia. Gorret alilifua. Ukosini palikuwa na doa lililokataa kutoka, naye alilisugua mpaka vidole vikamuuma, halafu akamrudishia Sunday bila kuuliza kitu.

Tangu siku hiyo Sunday akawa anakuja kila wiki. Alikunywa chai, akamwita Edisa "mama", na kila mara alisema neno lile lile: subirini. "Mtu akipigiwa kelele, faili lake linakuwa zito. Mkinyamaza, anatoka kimya kimya kama alivyoingia."

Yvette ndiye aliyeanza kumtilia shaka. "Ule mutu, kama anaona bwana yako kila siku, juu ya nini hakuonyeshe fasi iko?" akamuuliza Gorret, kwa kuwa mahali Ezironi alipo Sunday hakupataja kamwe. "Twende Kasese. Kule kuko avoka mumoja, mwanamuke. Alisaidiaka dada yangu na mambo ya bakimbizi."

Wakili huyo aliitwa Enid. Ofisi yake ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbolea, na harufu ya mbolea ilipanda mpaka kwenye viti. Alimsikiliza Gorret mpaka mwisho, kisha akasimama akafunga dirisha.

"Kwa katiba yetu, mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya siku mbili," akasema. "Wanajua. Nitapeleka maombi Mahakama Kuu, lakini naona mbele: wataomba kuahirisha, na jaji ataahirisha. Kuna njia nyingine. Umesikia habari za mahakama ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha?"

"Nasikia kwenye redio. Si mambo ya ushuru?"

"Hata ushuru umo. Lakini nchi zetu zilipotia saini Mkataba wa Jumuiya, ziliahidi kwamba zitatawala kwa sheria. Bunge letu likaufanya Mkataba huo kuwa sheria ya Uganda pia. Kwa hiyo anayekaa nchini humu, hata wewe wa Bwera, anaweza kuishitaki serikali kule kwamba imevunja ahadi yake. Huhitaji kumaliza mahakama za hapa kwanza."

Gorret akaona kama mlango umefunguliwa. Enid akainua kidole.

"Wale waliouandika Mkataba waliweka mpaka. Miezi miwili tangu jambo litendeke, au tangu ulipolijua. Ikipita hata siku moja, hawakusikilizi. Hawaongezi, na hawajali kama bado mumeo yuko ndani, wala kama ulikuwa unangoja mahakama ya nyumbani. Ulijua siku ile ile, Yvette alikuambia. Mwisho wako ni Jumanne, tarehe kumi na tisa Novemba."

Mahakama Kuu iliahirisha, kama Enid alivyosema. Wakili wa serikali alidai hajapata maelekezo.

Novemba ilipofika katikati, Sunday alikuja siku isiyo yake. Safari hii hakuvua viatu.

"Nasikia juzi ulikuwa Kasese tena," akamwambia Gorret.

Safari hiyo Gorret alikuwa amemwambia Yvette peke yake. Hata Edisa hakujua. Akaweka birika mezani.

"Nilikwenda kununua dawa."

"Sawa. Mawakili wanapenda kuongea Arusha, Arusha. Ile ni mahakama ya wakubwa." Akamgeukia Edisa, uso ukachangamka. "Mama, nimeleta habari njema. Karatasi ya kumtoa mwanao nimeiona kwa macho yangu. Anatoka Jumatano, tarehe ishirini. Lakini kuwe kimya mpaka siku hiyo."

Edisa alipiga magoti pale pale kumshukuru Mungu. Gorret hakusikia tena waliyoongea. Tarehe ishirini, siku moja baada ya mwisho aliowekewa. Akamtazama yule mtu akikoroga sukari, akaelewa kwamba anaujua ule Mkataba, kifungu kwa kifungu, kuliko hata mawakili wengi wa mjini, na kwamba kwa chai yote aliyokunywa nyumbani mwake alikuwa akimlia siku zake.

"Kwa nini isiwe Jumatatu?" akauliza.

Kijiko kikasimama ndani ya kikombe. "Jumatano, mama," akasema Sunday kwa upole.

Alipoondoka, Gorret alimweleza mama mkwe wake kila kitu. Edisa alitikisa kichwa tangu mwanzo hadi mwisho.

"Umebakiza siku chache mume wako atoke, unataka kwenda kuwachokoza! Kwa karatasi za Arusha? Arusha wana askari wa kuja kumfungulia mlango?"

"Hawana, mama."

"Basi wakimuua, utakuwa umemuua wewe."

Gorret alikaa na neno hilo mpaka Jumatatu. Alikuwa hajui kama Edisa amekosea. Huenda Sunday alisema kweli, huenda mlango ungefunguliwa Jumatano kweli, na yeye ndiye angeufunga kwa mkono wake. Hata hivyo alivaa gomesi yake ya kanisani akapanda basi la Kampala pamoja na Enid. Njia nzima aligeuka kutazama gari lolote lililokaa nyuma yao muda mrefu.

Jumanne asubuhi aliapa mbele ya kamishna wa viapo, akatia saini. Walikuwa wakipanda ngazi za ofisi ndogo ambayo mahakama ya Jumuiya ilikuwa nayo pale Kampala, ndipo simu yake ikalia.

"Mama Ronnie," sauti ya Sunday ikasema. "Kampala kuna joto?"

Simu ikakatika.

Enid alimwona uso ulivyobadilika, akaelewa. Hakumhimiza. "Shauri ni lako," akasema. "Tukirudi chini sasa, hakuna atakayekulaumu."

Watu walipita kwenye ngazi na bahasha zao. Gorret alimfikiria Ezironi, jinsi anavyopuliza vumbi ndani ya simu akiwa amefumba jicho moja. Akafikiria pia keshokutwa, Jumatano ikiwa imepita bure, na siku zote baada ya hapo, akiwa hana mahali popote pa kuuliza.

"Tupande," akasema.

Karani aligonga muhuri, akaandika tarehe, akawapa nakala. Haikuchukua muda.

Jumatano Edisa alichinja kuku, akakaa mlangoni akitazama barabara mpaka giza likaingia. Hakuna aliyekuja. Sunday hakuonekana tena, na simu yake haikupatikana. Krismasi ikapita ndani ya nyumba ile bila wimbo. Edisa alirudi Karambi bila kumuaga mkwe wake.

Lakini kule Arusha serikali sasa ilitakiwa kujibu, na katika majibu yake ilibidi iseme Ezironi yuko wapi na kwa shitaka gani. Februari, bila mtu yeyote kuarifiwa, alifikishwa mbele ya hakimu mjini Kasese kwa shitaka la kupokea simu ya wizi. Enid alipigiwa simu na karani mmoja, akakimbia, akamwombea dhamana.

Ezironi alirudi nyumbani amekonda. Vidole vya mkono wa kulia havikunyooka tena, na bisibisi ilimponyoka kila alipojaribu kuishika. Hakusimulia. Gorret alipomweleza habari za tarehe kumi na tisa Novemba, alisikiliza akiwa amegeukia ukuta. Shitaka la simu lilifutwa baadaye, hakuna shahidi hata mmoja aliyetokea.

Hukumu ya Arusha ilisomwa mwaka 2015. Serikali ilikuwa imedai kwamba Gorret alichelewa, kwamba siku ya kukamatwa nayo ihesabiwe. Majaji walikataa. Walitamka kwamba kumshikilia mtu bila kumfikisha mahakamani kulivunja Mkataba, na serikali ilipe gharama za kesi. Enid alikuja Bwera mwenyewe, nakala mkononi, macho yanang'aa.

"Sasa hakimu yeyote wa Uganda nitamwekea hii mezani," akasema. "Hataweza kujifanya hajui."

Ezironi akauliza swali moja. "Wametaja majina ya walionichukua?"

"Hapana, Baba Ronnie. Mahakama ile inahukumu nchi. Haihukumu mtu mmoja mmoja."

"Kwa hiyo bado wako hapa mjini."

Enid akaikunja ile nakala.

Miezi michache baadaye Enid alimpigia Gorret simu. Kuna mwanamke wa Hima, mumewe dereva wa lori la saruji. Watu wanasema amechukuliwa njiani, mahali pasipo nyumba, hakuna aliyeona. Hata siku yenyewe, ya kuanzia kuhesabu ile miezi miwili, haijulikani. Alimtaka Gorret waende wote, pengine yule mwanamke angemwamini mtu aliyepitia hayo hayo.

"Usiende," Ezironi akasema.

"Nani mwingine atakwenda?"

Walimkuta nyumbani. Walisikia redio ikizimwa walipobisha. Enid alijitambulisha, akamtambulisha Gorret, akasema hawataki hela. Ndani mtoto alianza kuongea, akazibwa mdomo.

"Mume wangu amesafiri," sauti ikasema nyuma ya mlango. "Tafadhali ondokeni. Msisimame hapo."

Malori yalikuwa yakipita kwa mfululizo kwenda Fort Portal. Gorret alibaki amesimama kidogo kwenye baraza, mkono umeinuliwa kubisha tena. Kisha akaushusha.