Tawi Lililofungwa Kitambaa

Jerop alikuwa ameolewa miaka minne, na katika miaka hiyo, ukijumlisha siku zote alizokaa na mumewe, hazikufika miezi mitano. Siku nyingine zote aliishi na mama mkwe wake, Chelangat. Si kwamba Chelangat alikuwa mbaya, la hasha. Alikuwa mama wa vicheko, mkono wazi na ulimi usiojua kupumzika. Lakini Jerop hakuolewa na Chelangat. Aliolewa na Kimutai arap Kemboi, na Kimutai alifanya kazi ng'ambo ya kilima, huko Subukia, kwenye shamba la machungwa na mizeituni la mzungu mmoja ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Miwani.

Shamba lenyewe lilikuwa dogo, na Bwana Miwani aliutumia udogo huo kuwa sababu ya kila hapana yake. Wake wa wafanyakazi wasikae, shamba ni dogo. Mbuzi wasifugwe, shamba ni dogo. Ungedhani jioni analikunja na kulitia mfukoni.

Jumapili moja ya mwaka wa hamsini na nane, baada ya Kimutai kutuma salamu kwamba waje wamwone, Jerop alikwea kilima kutoka Solai na mtoto mgongoni. Chelangat alitangulia na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya mgando, kwapani, akizungumza tangu walipofunga mlango hadi walipoliona geti. Kimutai aliwapokea akiwa amevaa shati safi, na macho yake yalimwambia Jerop kwamba kuna jambo. Jerop alitamani kuuliza papo hapo, lakini mbele ya mama mkwe mtu haulizi mambo kama hayo. Akasalimia kwa adabu na kungoja.

Kwanza walitembezwa. Mtoto, Chepkemboi, aliyekuwa na miaka miwili na nusu, alishushwa chini ya mchenza, akapewa chenza moja, halafu ya pili, na baada ya hapo hakuna aliyehesabu. Maji ya chenza yalimtiririka hadi viwikoni. Chelangat alionja machungwa, akayasifu, akaonja limau, akalitukana. Kisha wakafika kwenye mizeituni mitatu mizee iliyopandwa na Bwana Miwani mwenyewe, mitatu tu iliyobaki kati ya arobaini, kwa maana mingine ilioza mizizi.

"Hii ndiyo ile ya Biblia?" Chelangat aliuliza.

"Ndiyo hiyo, Mama."

Chelangat akachuma tunda moja jeusi linalong'aa kama zambarau, akalitupa mdomoni kabla mwanawe hajafungua kinywa. Uso wake ukajikunja wote. Alitema, akatema tena, akaomba mursik asukutulie.

"Watu wa Biblia walikuwa na shida!" alisema alipopata sauti. "Kumbe ndiyo sababu walitangatanga jangwani miaka yote hiyo!"

Kimutai alicheka hadi akashika mti. Akaeleza kwamba tunda hilo haliliwi hivyo. Hulowekwa kwenye maji ya chumvi wiki nyingi, ama hukamuliwa mafuta. Chelangat alisema kitu cha kulowekwa wiki nyingi ndipo kilike, yeye hakihitaji, Mungu alishampa ng'ombe.

Walipofika kibandani na chai ikapikwa, Chelangat alikaa kivulini kusuuza kibuyu chake, mtoto akalala kando yake. Hapo ndipo Kimutai alipomkonyeza mkewe, akamwongoza kando ya ua wa nyuma, mahali palipoota miti ya emitiot, mzeituni mwitu ambao kila mtu wa kwao anaujua.

"Tazama huo," alinong'ona.

Kwenye shina moja dogo kulikuwa na tawi lililofungwa kitambaa na kupakwa nta ya nyuki. Jerop alikitambua kitambaa kabla ya kuuelewa mti. Kilitoka kwenye shati alilomshonea mumewe mwaka wa kwanza wa ndoa. Juu ya kitambaa yalichipua majani manne, membamba, ya rangi ya fedha kwa chini.

"Shina ni emitiot yetu. Juu ni mzeituni wa Bwana," Kimutai alisema. "Machungwa yote unayoyaona hapa tulipandikiza hivyo, tamu juu ya mizizi ya limau kali. Nikafikiri, emitiot haiozi mizizi, kwa nini isibebe? Nimejaribu kumi na moja. Kumi zimekauka. Hii imeshika."

"Na Bwana?"

"Bwana alicheka. Akasema, miti hiyo miwili ikishikana, hata mara moja tu, nitakuwa msimamizi wa miti, na ile nyumba ya mawe karibu na tangi nitapewa. Nikae na familia. Amekwenda kanisani Nakuru. Akirudi mchana nitamwonyesha."

Jerop aliiangalia ile nyumba ya mawe ng'ambo ya machungwa. Haikuwa na mlango, na bati lake lilikuwa limeinuka upande mmoja. Aliitaka. Aliitaka kiasi cha kuona aibu. Miaka minne alikuwa amejifunza kulala bila kumngojea mtu, na sasa alijua hakutaka kulala hivyo tena hata wiki moja.

"Mama umemwambia?"

"Bado. Nikimwambia leo, kesho Solai nzima inajua. Na ikikauka, nitaficha wapi uso? Ngoja Bwana aone kwanza."

Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini Kimutai siku hiyo hakuwakumbuka wahenga. Alimpeleka mkewe kuona tangi, wakachungulia nyumba ya mawe, wakapanga kitanda kikae wapi na moto uwashwe wapi. Walikawia. Watu walioishi mbalimbali miaka minne wakikawia kidogo, nani atawalaumu?

Waliporudi, Chelangat alikuwa kivulini na kisu mkononi, akiimba. Mbele yake kulikuwa na vijiti viwili vyeupe, vibichi, vimepasuliwa vizuri kwa urefu. Kando, kitambaa chenye nta. Kando ya kitambaa, majani manne.

Kimutai alisimama.

"Nimejipatia emitiot ya kibuyu," Chelangat alisema kwa furaha. Kibuyu cha mursik husuguliwa ndani kwa kijiti cha moto, na kwa Chelangat kijiti kisicho cha emitiot hakikuwa kijiti. "Kitakauka nikifika nyumbani. Na sikuharibu mti wa mtu. Kulikuwa na tawi limevunjika, wamelifunga kitambaa kama mguu wa mbuzi. Nikasema hilo limeshaumia. Kwa nini niumize lililo zima?"

Kimutai alichuchumaa na kushika kichwa. Jerop ndiye aliyeeleza, polepole. Chelangat alisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha kisu kikamponyoka.

"Mwanangu," alimwambia Jerop, si Kimutai. "Nimekukatia nyumba yako."

Jerop alitaka kulia, na alikuwa na hasira, kwanza kwa mama, halafu kwa mume na siri zake, halafu kwa nafsi yake iliyokwenda kupanga vitanda. Maji yakimwagika hayazoleki. Aliokota vile vijiti ili avitupe mbali asivione tena.

Havikutupwa. Alikuwa ameviona kwa ndani. Upande wa chini mti ulikuwa wa manjano kidogo, upande wa juu mweupe, na pande hizo zilipokutana hapakuwa na nafasi hata ya ukucha. Alijaribu kuzitenganisha pande hizo. Akavuta. Akavuta kwa nguvu zote. Wapi!

"Baba Chepkemboi," alisema, "Bwana alisema nini hasa?"

"Alisema ikishikana."

"Basi inuka."

Gari liliingia getini wakati huo huo. Bwana Miwani alishuka na tai yake ya kanisani, akaona familia nzima imesimama mstari kama inangoja kupigwa picha.

"Kitu gani hii?" aliuliza.

"Mti wako, Bwana," Jerop alisema, kabla mumewe hajaanza kuomba radhi.

"Hii hapana mti. Hii kuni. Nani nakata?"

"Mimi," Chelangat alisema, akasogea mbele hatua moja. "Mimi mama yake. Hakuniambia, nami sikuuliza. Kama ni kufukuza, fukuza mimi niende kwangu."

"Lakini Bwana ulisema ikishikana," Jerop aliendelea. Akamnyoshea vijiti vyote viwili. "Kama mama hangekata, ungeona kitambaa tu. Sasa ona ndani. Shika. Vunja."

Bwana Miwani alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akakitazama kijiti. Akakishika huku na huku na kukikunja pale kwenye kiungo. Kijiti kilipinda, kikapinda zaidi, kisha kikavunjika, lakini si kwenye kiungo. Kilivunjika chini yake, kwenye emitiot tupu. Akachukua cha pili. Hicho kikavunjika juu. Pale palipounganishwa palibaki pazima.

Akavilinganisha vipande vyote vinne. Chepkemboi aliamka na kuomba chenza.

"Kimutai. Wewe naweza kufanya ingine?"

"Naweza, Bwana. Kumi."

"Ishirini," Jerop alisema. Mumewe alimgeukia akimshangaa.

Bwana Miwani alitia vipande mfukoni mwa koti lake la kanisani. "Ile nyumba iko na nyoka," alisema akielekea kwake. "Nyinyi safisha."

Kimutai ndiye aliyepiga kelele, na Chelangat ndiye aliyecheza, akizunguka na kibuyu hadi kuku wakakimbia. Jerop alikaa chini tu.

Jua lilikuwa bado juu walipojiandaa kurudi Solai. Jerop alimfunga mtoto mgongoni. Alikuwa amekwisha kupanga: wiki mbili za kufungasha, kuvuna maharagwe, kumtafutia mama mtu wa kumsaidia kutunza ng'ombe. Walifika getini. Chelangat akasimama, akaenda nyuma ya Jerop, akaanza kufungua fundo la nguo.

"Mama, unafanya nini?"

"Naye ana miguu." Alimshusha mtoto, akamfuta mdomo kwa kiganja, akamsukuma kwa baba yake. "Wewe unakwenda wapi? Nyumba umeipata, unaiachia nyoka?"

"Vitu vyangu je? Na maharagwe? Na wewe utabaki na nani?"

"Vitu nitaleta. Maharagwe nilivuna kabla hujazaliwa." Sauti yake ilipungua. "Usiku nyumba yangu itakuwa kimya, sitakudanganya. Nimekuzoea sana, Jerop. Lakini miaka minne nimekula chakula cha mke wa mtu. Inatosha."

Jerop alimkumbatia palepale barabarani, akalia kwa sauti bila kujali nani anasikia. Chelangat alimwacha alie kidogo, kisha akajitoa, akaweka kibuyu kwapani na kushika njia ya kilima. Hakugeuka. Walimsikia akizungumza peke yake mpaka alipopita kwenye kona.

Kimutai alimchukua mtoto, nao wakaenda kutafuta fagio.