Gari Linalokula Ukutani

Haya, sogea nikutegee. Nimefunga ng'ombe wangu ukutani, hali nyasi, hanywi maji, na asubuhi ananibeba mpaka Lanet. Ni nani huyo?

Umeshindwa? Basi nipe mji. Nakuru? Nimeenda Nakuru, nimekula, nimeshiba, na sasa nakwambia: ni gari la Mzee Surjit. Kitendawili hicho alikitunga Bibi Chepkurui, kwenye kambi ya mahema ya waliokimbia vita vya uchaguzi, pale uwanja wa maonyesho, mwaka ule wa elfu mbili na nane. Mstari mzima wa mahema ulishindwa. Wakampa Kisumu, wakampa Mombasa, wakampa Kitale. Miji yote ile, na yeye hana hata mlango wa kufunga.

Gari lenyewe lilikuwa kazi ya Milcah, binti wa huyo Bibi, fundi wa stima, yaani umeme wa magari. Karakana yake ya Rongai iliungua Januari, na nyumba yao ya nyuma ikaungua nayo. Sasa alikuwa anafanyia kazi kwenye yadi ya Mzee Surjit, upande wa viwandani. Lilikuwa gari la bluu kutoka Japani, lile la petroli na stima pamoja, ila betri yake ilikuwa ndogo, ya kujichaji yenyewe likitembea. Milcah alipanga betri nyingine kumi na sita kwenye buti, akafunga chaja, akatoa waya wa kuchomeka ukutani kama wa pasi. Likilala limechomekwa, asubuhi linafika Lanet, nje ya mji, na kurudi bila kuonja petroli. Na petroli ilikuwa imepita shilingi mia lita moja.

"Ofisi ya stima ikikubali," Surjit alimwambia, "mimi naleta teksi yangu yote sita, utengeneze hivi hivi. Na hiyo stoo ya nyuma ni yako. Fanyia kazi, lala na mama. Lakini mita iwe na jina yako. Moto ikitokea, bima isiniulize mimi. Ijumaa ikiisha bila karatasi, stoo napatia mtu ya mahindi."

Ijumaa ikafika. Milcah aliongeza maji kwenye betri, akafuta ule unga mweupe kwenye vichwa vyake, akavaa sketi yake moja ambayo haikuwa imetobolewa na asidi. Mama yake akampigia kwa simu ya jirani wa hema.

"Nikunje blanketi?"

"Mama, ngoja kwanza nipate karatasi."

"Mimi nakunja. Kuna mama wa mapacha anataka nafasi yangu."

Foleni ya ofisi ya stima ilimweka tangu saa mbili hadi saa tano. Karani alikuwa kijana mwenye tai, anatafuna andazi.

"Mita inawekwa wapi?"

"Kwa yadi ya Surjit, viwandani. Mimi nitakuwa mpangaji."

"Aina ya jengo?"

"Ni ya gari."

"Nimeuliza jengo, mathe. Nyumba, duka ama kisiagi cha unga?"

"Ni gari. Linachajiwa kwa mita. Na stima ikipotea, linaweza kuirudisha kwa nyumba. Taa nne na redio."

Karani alicheka mpaka makombo yakaruka. "Irudi? Kwa hivyo mwisho wa mwezi sisi ndio tutakulipa?" Akamgeukia mwenzake. "Buda, kuja uone. Mathe anataka kuuzia sisi stima ya gari!"

"Mwekee duka, watu ni wengi," mwenzake akasema bila kuinua kichwa.

"Haya, nimekuwekea duka. Kitambulisho inasema Rongai. Unakaa wapi?"

Milcah akafungua mdomo. Rongai kulikuwa na majivu, na mtu mwingine alikuwa ameshapanda viazi mpaka palipokuwa jikoni. Stoo haikuwa yake mpaka apate karatasi hii. Na kambini, jana tu, chifu alikataa kumwandikia barua, akasema hema si makao.

Mwanamke wa nyuma yake akamnong'oneza, "Sema mtaa wa Free Area. Watajuaje?"

"Free Area alete barua ya chifu wa Free Area," karani akasema. Alikuwa na masikio huyo. "Mathe, hapa kuna mstari, lazima ujazwe. Unakaa wapi?"

Karani akangoja, kisha akaisukuma fomu chini ya zile nyingine.

"Ukijua, urudi. Anayefuata!"

Alirudi yadi kwa miguu. Lori lilikuwa limeshateremsha magunia ya mahindi, na stoo imejaa hadi mlangoni. Surjit alisimama karibu na gari, anatazama magurudumu.

"Karani alinipigia, anasema karatasi hakuna. Milcah, mimi sina nguvu na hawa watu. Toa betri yako. Jumatatu mtu ya Nairobi anakuja kununua gari."

Na pale getini, juu ya furushi lake na sufuria mbili, ameketi Bibi Chepkurui.

"Hema nimeachia mama wa mapacha," akasema. "Mlango uko wapi nifagie?"

Milcah alifungua buti akaanza kufungua nati. Kila betri ilikuwa nzito kama debe la mahindi. Alikuwa ametoa betri saba wakati pikapu ya ofisi ya stima ilipoingia. Wakashuka watu wawili. Mmoja akaukata waya kwenye soketi, akauviringisha begani kama kamba ya mbuzi. Mwingine akatoa kitabu.

"Mama, umechomeka gari kwa mita ya watu bila kibali. Hii ni notisi, utaitwa kotini."

"Mmejuaje hapa?"

"Si iko kwa fomu yako? Pahali pa kuweka mita."

"Kwa hivyo fomu imefanya kazi."

"Mimi ni wa kukata tu, mama. Kuunganisha ni dirisha lingine." Akalamba ncha ya kalamu. "Shosho, sogea kidogo," akamwambia Bibi Chepkurui, kisha akamtazama Milcah. "Jina ninalo. Unakaa wapi?"

Milcah akaweka chini betri ya nane. Akafuta mikono kwenye sketi, na sketi ilikuwa na tundu tayari. Akafungua mlango wa nyuma wa gari, akamshika mama yake mkono, akamketisha, akamwekea furushi mapajani na sufuria miguuni. Bibi Chepkurui alikipapasa kiti kwa viganja vyote viwili. Milcah akaufunga mlango polepole, akamgeukia mtu wa kitabu.

"Andika," akasema. "Gari la bluu. Kiti cha nyuma."