Sekunde Arobaini za Punda

Mtu huyu aliitwa Nahodha, na jina hilo alijipa mwenyewe. Chombo hakuwa nacho, wala bahari. Alichokuwa nacho ni kiti cha kuzunguka kilichovunjika mkono mmoja, kompyuta, na watu saba waliomtii kila Jumamosi saa tisa alasiri katika mchezo wa mtandaoni ulioitwa Milima Saba. Mmoja wa hao saba alikuwa baba yake mzazi, aliyecheza chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati yao.

Kazini, Nahodha alipanga safari za magari ya bohari ya dawa: gari gani litangulie, lipite wapi, lishushe nini kwanza. Siku akifanikiwa kupunguza dakika nne katika safari moja, alirudi nyumbani akipiga mluzi. Ugonjwa huo akauhamishia kila mahali. Alijua ni hatua ngapi kutoka kitandani hadi bafuni, na maji ya chai aliyapima kwa kikombe ili birika lisichelewe kuchemka. Mguu wake wa kulia haukujua kutulia. Hata akiwa amekaa kitako, goti lilimcheza chini ya meza kama aliyekalia miiba.

Baba yake hakuwa hivyo. Alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na moja katika kiwanda cha nguo, na tangu mkewe afariki, yeye na mwanawe walikuwa wamebakiwa na mazungumzo ya aina tatu: umemeza dawa ya presha, maji yametoka, mlango umefungwa. Nahodha ndiye aliyemwingiza mchezoni, mwaka uliopita, kundi lilipopungukiwa na mtu wa nane. Alidhani mzee atachoka wiki ya kwanza. Wapi! Mzee alikolea.

Ila alikolea kwa namna yake. Kila mchezaji mpya wa Milima Saba hupewa punda wa kumbebea mizigo, na kila mchezaji mwenye akili zake humwachia punda huyo siku ya tatu, akishapata farasi. Mzee hakumwachia. Alijiita Polepole, na punda wake akamwita Meneja.

"Kwa nini Meneja, baba?"

"Miaka thelathini na moja meneja kaniswaga mimi. Acha na mimi nimswage kidogo."

Walicheka mpaka chai ikampalia Nahodha. Ilikuwa mara yao ya kwanza kucheka pamoja tangu msiba. Kuanzia siku hiyo, kila jioni mezani kulikuwa na habari za Meneja. Leo Meneja kagoma kuvuka daraja. Leo Meneja kala maua ya mfalme, tumefukuzwa mjini mchana kweupe. Na ukimwacha ashibe bila kumsumbua, mzee alieleza, Meneja huondoka mwenyewe, anakupeleka mahali ambapo hata kwenye ramani hapapo. Juzi kanifikisha kwenye bwawa lenye bata.

"Hao bata wana faida gani?" Nahodha aliuliza.

Baba yake alimtazama asimwelewe. "Ni bata," akasema.

Mambo yalianza kuharibika kundi lilipokwama mlima wa sita. Kwenda mlima wa saba kuna lango, na lango lile, kengele ikishalia, hukaa wazi dakika kumi na mbili, basi. Tena sheria ya mchezo ni kwamba kundi zima hutembea kwa mwendo wa yule aliye nyuma kabisa. Wiki tano mfululizo walikimbia mpaka langoni, na wiki tano mfululizo likafungwa mbele ya pua zao. Msimu ulikuwa unaelekea ukingoni. Jumamosi ilibaki moja.

Kulikuwa na mmoja wao waliyemwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha hesabu shuleni, na hesabu hakuiacha shuleni. Jumapili asubuhi aliwapigia wote simu kwa pamoja, isipokuwa mzee.

"Sekunde arobaini," alisema. "Kila wiki tunachelewa sekunde arobaini, si zaidi, si pungufu. Nimezitafuta, nimezipata. Ni yule punda."

"Yule ni baba yangu," Nahodha akasema.

"Mimi sijamtaja baba yako, nimemtaja punda. Mzee amwachie punda, achukue farasi, na upinde wa kuangushia walinzi wa njiani. Hataki, tutafute mtu wa nane mwingine. Punda afe, mzigo ufike, kaka. Waliosema hivyo hawakuwa wajinga."

"Jamani, mwacheni mzee wa watu," alidakia Nesi, ambaye alikuwa nesi kweli, na alipenda kucheza akitoka kazini. "Mimi nikitoka wodini, yule punda ndiye ananichekesha."

"Nesi, tunacheza tuchekeshwe au tushinde?"

"Kwani lazima nichague?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa wiki hiyo, nao walilipita kama kibao cha barabarani.

Siku tatu Nahodha hakukaa chini. Alizunguka bohari na karatasi zake mkononi, akalituma gari la kaskazini kusini, akalirudisha. Tusimwonee, lakini: mlima wa saba aliutaka kwa dhati. Hakuna mtu aliyewahi kumpigia makofi kwa dakika nne alizookoa katika safari ya gari. Ukishavuka lango, jina lako huandikwa kwenye orodha ya makundi mia ya kwanza, na dunia nzima inaweza kulisoma. Alikuwa na miaka thelathini na sita, na jina lake halikuwahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye vitambulisho.

Jumatano jioni alisimama mlangoni mwa chumba cha baba yake, akayasema yote kwa mpigo, bila kumeza mate.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kwenye skrini, Meneja alikuwa anatafuna majani.

"Nikimwachia ataenda wapi?"

"Haendi popote, baba. Huu ni mchezo."

"Najua ni mchezo. Nimeuliza ataenda wapi."

"Anafutika tu. Akishaachiwa harudi."

"Na wewe unalitaka sana hilo lango."

"Sana, baba."

Mzee aliitikia kwa kichwa, akavaa miwani, akatafuta mahali pa kubonyeza. Alichelewa kupaona. Kisha akabonyeza, na pale alipokuwa Meneja pakabaki majani yaliyoliwa nusu.

Wakaanza mazoezi jioni hiyo hiyo. Upinde ulikuwa na mpangilio wake wa kubonyeza, moja, nne, nne, mbili, na mzee aliuandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi la shati, akaegemeza chini ya skrini. Nahodha alisimama nyuma yake na simu mkononi, akipima muda.

"Tisa. Tunataka saba, baba."

"Sawa."

"Tena. Nane na nusu. Tunataka saba."

"Samahani. Narudia."

Neno samahani Nahodha hakuwahi kulisikia kinywani mwa baba yake tangu azaliwe. Alilisikia, likamgusa mahali fulani, lakini goti lilikuwa linamcheza na saa ilikuwa inakimbia. "Tena," akasema. Alhamisi ikawa saba na robo. Ijumaa ikawa saba kamili, na mzee hakuhitaji tena kutazama lile boksi.

Jumamosi saa tisa kengele ya mlima wa sita ililia. Walikimbia. Polepole, juu ya farasi mweusi, alipiga mishale yake bila kukosea hata mmoja, na waliwakuta walinzi na kuwaangusha kama wanaosoma kitu walichokikariri. Walipita langoni zikiwa zimebaki sekunde thelathini na nane. Mwalimu alipiga kelele mpaka hedifoni zikakwaruza. Nusura Nahodha alie. Alipiga meza kwa viganja vyote viwili, akaruka, akapiga magoti sakafuni kama mfungaji wa goli la dakika ya mwisho.

Katikati ya kelele hizo alisikia sauti ya baba yake, mara moja masikioni na mara ya pili kupitia ukutani.

"Zamu imekwisha?"

"Unasemaje, baba?"

"Nauliza kama naweza kutoka."

"Ndiyo... toka tu. Hongera, baba! Umewamaliza!"

"Haya. Hongera na wewe, Nahodha."

Lilikuwa la themanini na sita. Jina lake, kwenye ile orodha. Jumapili alilitazama mara tano, Jumatatu mara tisa, mara moja akiwa chooni kazini. Mezani, jioni, alisubiri habari. Baba yake alimuuliza kama maji yametoka. Jumanne alimuuliza kama mlango umefungwa. Jumatano Nahodha alichungulia chumbani mwake, akaona kompyuta imefunikwa kitambaa, kile kile mama alichokuwa akifunikia cherehani asipokuwa na kazi. Mzee alikuwa amelala chali anasikiliza redio.

Hapo ndipo alipoanza kuhangaika kwelikweli. Alifungua friji, akaifunga, akasahau alichokuwa anatafuta. Aliwaandikia wenye mchezo kuomba Meneja arudishwe, akawaeleza kwamba ni mzee, kwamba ilikuwa bahati mbaya. Walimjibu kwa adabu kwamba mnyama aliyeachiwa harejeshwi. Maji yalikuwa yamemwagika, na aliyepiga teke ndoo alikuwa yeye.

Ijumaa alishindwa kuvumilia.

"Baba, mbona huchezi siku hizi?"

"Si tumeshafika mlima wa saba?"

"Lakini ulikuwa unapenda."

"Nilikuwa napenda kutembea." Mzee alipunguza sauti ya redio. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi mwanawe. "Kiwandani kulikuwa na kijana wa ofisini. Alikuwa anakuja na saa yake, anasimama nyuma ya mashine yangu. Hatukani, hafokei, mtoto wa watu ana adabu zake. Anasema tu, tisa, tunataka saba. Miaka kumi na miwili nilimwogopa yule kijana. Usiku mama yako alikuwa ananiamsha, vidole vinacheza juu ya shuka."

Nahodha alitafuta mahali pa kuweka mikono yake.

"Wiki ile uliposimama nyuma yangu," mzee akaendelea, "mgongo ulikumbuka wenyewe. Sikulaumu. Uliniomba kitu, nikakupa. Mzazi anafanyaje? Ila nimestaafu, mwanangu. Kazi nilishamaliza."

Kisha akaongeza sauti ya redio.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na msimu mpya ulikuwa unafunguliwa saa tisa. Saa nane na nusu simu ilianza kutetemeka mezani. Mwalimu alikuwa na jedwali jipya. Mwalimu alikuwa amempata mtu wa nane, kijana mwepesi, sekunde sita kamili. Nahodha yuko wapi?

Nahodha alikuwa amekaa mbele ya skrini, goti linamcheza, akilitazama swali. Milima Saba humruhusu mtu kuwa na mhusika mmoja tu. Anayetaka kuanza upya sharti amfute wa zamani, na wa zamani akifutwa, jina lake hutoka kwenye orodha. *Una uhakika?* mchezo ulimuuliza. Hakuwa na uhakika hata kidogo. Alikwenda jikoni akanywa maji, akarudi. Alikwenda tena, akakumbuka kwamba hana kiu. Alifungua orodha akalisoma jina lake kwa mara ya mwisho, na lilikuwa limeandikwa vizuri, kwa herufi nzito. Kisha akakaa, akafumba macho, akabonyeza.

Alipofumbua, mtu wake alikuwa peku, amevaa gunia, kando ya barabara ya vumbi. Pembeni yake alisimama punda, kijivu, sikio moja limelala. Nahodha alitembea hatua ishirini naye, na hatua ya ishirini na moja punda akagoma. Alibonyeza. Alivuta. Alibonyeza vyote kwa pamoja. Punda akageuza kichwa akamtazama, hana hili wala lile, akainama kula majani.

Simu ilitetemeka tena. Aliiacha mezani, akaenda kusimama mlangoni mwa chumba cha pili.

"Baba. Punda wangu kagoma."

"Punda gani?"

"Nimeanza upya."

Redio ilizimwa. "Na yule wa mlima wa saba?"

"Nimemfuta."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu, na Nahodha, kwa mara ya kwanza wiki hiyo, hakuangalia pembeni.

"Umemwita nani?"

"Nani?"

"Si huyo punda."

"Nahodha," akajibu.

Mabega ya mzee yakaanza kumtikisika, kicheko kikamtoka na kikohozi nyuma yake, ikabidi ashike ukingo wa kitanda. Alifuta machozi kwa kiganja, akavaa ndara, akabeba kigoda chake. Hakukiweka nyuma ya kiti cha mwanawe. Alikiweka ubavuni, bega kwa bega, akakaa na kuvaa miwani.

"Toa kidole hapo. Usimvute. Mwache ale."

Nahodha alitoa kidole. Punda alitafuna. Mezani simu ilikuwa inatetemeka na kujisogeza yenyewe kuelekea ukingoni, na chini ya meza goti lilianza tena, mpaka baba yake akaliwekea mkono.

"Huwa anachukua muda gani, baba?"

"Sijawahi kupima," mzee akasema.