Cherehani Isiyo na Namba

Siku ile nilimfokea Komando, mzamiaji wetu, mpaka mwenyewe nikaona aibu, lakini sikunyamaza. Mtu mzima wa miaka hamsini na tatu alisimama mbele yangu na suti yake ya mpira, maji yanachuruzika kwenye sakafu ya maabara, ananitazama kwa upole, na mimi nabwata tu. Nilimuuliza mara tatu swali lile lile: hii cherehani umeitoa wapi? Mara zote tatu akanijibu, "Chini ya maji, dada."

Chini ya maji. Utafikiri nilidhani ameinunua dukani.

Idara yetu inachunguza vitu vya kale vilivyolala majini. Watu wakisikia hivyo wanadhani tunatafuta dhahabu, na shemeji yangu mmoja bado anaamini nimeficha kisanduku mahali. Tunachotafuta hasa ni mahali kitu kilipolala. Sufuria ukiikuta jikoni mwa chombo kilichozama, itakwambia nani alikuwa akipika na kwa ajili ya watu wangapi. Ukishaitoa bila kuandika ulipoikuta, unabaki na sufuria. Ndiyo maana nimebandika kanuni mbili mlangoni, kwa herufi ambazo hata mwenye mtoto wa jicho atazisoma. Ya kwanza: usiondoe kitu kabla hujakipima, hujakichora na hujakifunga kibao cha namba. Ya pili: kikishatoka majini kisikauke, maana chuma na mbao zilizozoea maji zikikauka ghafla hupasuka na kumeguka.

Msimu ule tulikuwa na kivuko kilichozama miaka thelathini na minane iliyopita, hatua mia mbili tu kutoka gati lake. Chini ya gati nako kulikuwa kumejaa vitu, kwa sababu watu wa zamani walitupa humo kila walichochoka nacho. Asubuhi ya siku ile Komando alizamia gatini, mchana akazamia kivukoni. Kazi yake ilikuwa kupiga picha, basi. Mimi sikuwepo, nilikuwa nimeitwa kwenye semina ya usalama kazini, kusikiliza mtu anatusomea jinsi ya kupanda ngazi.

Komando alipowaona wezi wa vyuma chakavu wanazungukazunguka na mtumbwi, aliingiwa na hofu, akaokoa alichoweza. Kabla hajaja kwetu alikuwa akiwatolea watu magari na pampu zilizozama, na kwake kitu kikiwa chini ni hasara, kikiwa juu ni heri. Gunia moja la gatini, gunia moja la kivukoni. Hakuna kibao, hakuna namba. Bado tungepona kama angeyaacha magunia yalivyo. Lakini alikumbuka kanuni yangu ya pili, akaona vitu vitakauka, akayamimina yote mawili kwenye tangi moja.

"Ulisema visikauke, dada," aliniambia. "Nikajaza maji mpaka juu."

Na kweli alikuwa amejaza mpaka juu. Ningefanya nini na mtu kama huyo?

Cherehani ile nisingeipigia kelele hivyo kama ingekuwa ya mtu mwingine. Lakini nilipoitoa kwenye tangi na kuigeuza, niliona kwenye gurudumu lake la mkono, pale pa kishikio, kitasa cha shaba cha mlango wa kabati. Kabati lenyewe liko chumbani kwa shangazi yangu hadi leo, mlango mmoja una kitasa, wa pili hauna, na sisi watoto wa nyumba ile tumekua tukiufungua kwa kucha.

Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenilea. Mume wake alikuwa fundi cherehani. Kishikio kilipovunjika aling'oa kitasa cha kabati akakifunga pale, na wakagombana siku mbili kwa ajili hiyo. Wiki iliyofuata aliondoka asubuhi, kichwa cha cherehani kwenye kikapu, anavuka kwenda kushona sare za shule ng'ambo. Jioni habari ikafika kwamba kivuko kimezama. Waliopatikana walizikwa, na wengine hawakuonekana tena. Yeye hakuonekana, na jina lake halikuwa kwenye orodha ya abiria. Ofisi ya vivuko ikampa shangazi barua ya mstari mmoja: "Hakuwa miongoni mwa abiria."

Yaliyobaki watu walijaza wenyewe. Ametoroka na mwanamke. Cherehani kaitupa asije akajulikana kwa kazi yake. Mmoja akaapa kamwona kituo cha mabasi, tena amevaa kofia. Hakuna aliyekuja kumpa shangazi pole, kwa sababu mtu hapewi pole kwa mume aliyekimbia. Mashemeji zake walimwondoa kwenye mambo ya familia taratibu, mpaka akawa kama jirani. Miaka thelathini na minane hakuwa mjane, hakuwa mtalaka, na akigombana na mtu sokoni, hilo ndilo jiwe la kwanza kurushiwa.

Sasa mnaelewa. Cherehani ikiwa ilikuwa ndani ya kivuko, mtu alizama nayo. Ikiwa ilikuwa chini ya gati, basi waliosema aliitupa walisema kweli. Hatua mia mbili tu, na Komando amezifuta kwa ndoo za maji.

"Sasa dada, si uandike tu kivukoni," alisema Komando. Alikuwa ameshaisikia habari ya shangazi, nilikuwa nimeimwaga yote katikati ya kufoka. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Ni neno moja."

"Komando, nenda kavue hiyo suti."

Alikwenda, shingo upande. Nikachukua kadi ya kumbukumbu. Kitu: kichwa cha cherehani. Hali: kina gamba la kutu. Mahali kilipopatikana: nikaacha wazi. Halafu nikafanya kosa langu mwenyewe, ambalo sina wa kumsukumia. Nilimpigia shangazi simu.

Alifika kesho yake saa tatu asubuhi, kilemba kimenyooka, mkoba kwapani. Nilimwamkia, akaitikia bila kunitazama, macho yako kwenye karai la maji juu ya meza. Alitia mkono majini akashika kitasa kile. Hakulia. Alikizungusha kidogo, kikagoma.

"Nilimwambia kitalegea," alisema. "Hakijalegea."

Kisha akavuta kiti, akakaa. "Ilikuwa wapi?"

Hilo tu. Hakuuliza ni nani kaiona wala itafanywa nini. Na mimi, mwenye shahada mbili na vyeti vya kuzamia vimejaa ukuta mzima, nilimwambia, "Sijui, Shangazi." Nikamweleza habari ya magunia mawili na tangi moja. Nilijitahidi nisimseme vibaya Komando, nikashindwa.

"Lakini kuna njia," nikasema. Nilimwonyesha gamba la kutu chini ya kitako cha cherehani, nene kama kiganja. "Chuma kikilala majini, kutu yake huvimba na kukamata kila kilichopo chini yake. Sakafu ya kivuko ilipakwa rangi ya kijani. Chini ya gati ni kokoto na vipande vya chupa. Tukipiga eksirei, kisha tukalifungua polepole, humo ndani tutaona moja kati ya hayo."

"Ama rangi, ama kokoto."

"Ndiyo."

"Halafu hapo hakuna tena kubishana."

"Hakuna, Shangazi. Itakuwa imeisha."

Aliitikia kwa kichwa. Nilifurahi. Niliona nimemletea kitu kikubwa, na nikatoka mbio kwenda kuomba barua ya eksirei, kwa sababu hospitali haipigi picha ya chuma bila saini ya mkurugenzi wetu.

Sitaki kuwachosha na saa tatu zile za kufuatilia saini, ingawa mimi zilinichosha. Katibu muhtasi alisema mkurugenzi yuko kikaoni. Kikao kikaisha, akasema niandike barua. Nikaandika, akasema haina nembo. Nikachapa yenye nembo, akasema kwenye fomu ya hospitali kipengele cha "aina ya mgonjwa" hakijajazwa. Nikamwambia mgonjwa ni cherehani. Akanitazama juu ya miwani, akasema fomu haina cherehani, labda niandike "mengineyo". Nikaandika mengineyo. Mkurugenzi akasaini akiwa amesimama, simu sikioni, bila kusoma. Nilishuka ngazi mbilimbili, kinyume na yote niliyofundishwa kwenye semina.

Nilipofungua mlango wa maabara, shangazi alikuwa amesimama kwenye sinki, amekunja mikono ya gauni. Cherehani iko mbele yake, imelazwa ubavu. Mkononi ana bisibisi yangu, kando kuna brashi ya waya na kitambaa. Kitako cha cherehani kilikuwa kitupu, chuma cheusi kinameremeta. Bomba lilikuwa linatiririka.

Sikumbuki barua niliiweka wapi. Nilikimbilia sinki nikakuta tope la kahawia linazunguka kwenye tundu na kupotea. Nilifunga bomba. Na hapo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nilimpandishia sauti mwanamke aliyenifundisha kufunga kamba za viatu.

"Umefanya nini? Shangazi, umefanya nini? Nimekueleza, nimekuonyesha kwa kidole. Hilo gamba ndilo pekee lililokuwa limebaki. Lote umelimwaga. Mtu asiyejua ningemsamehe, lakini wewe nimekueleza."

"Ulinieleza vizuri sana," alisema.

Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine.

"Ulisema ama rangi, ama kokoto. Nimekaa hapo nikaliangalia. Kutojua nimekuzoea, mwanangu. Nimelala nako na kuamka nako. Kila siku nilikuwa nachagua kwamba alizama, na hakuna aliyeweza kuninyang'anya, kwa sababu nao walikuwa hawajui, walikuwa wanasema tu. Sasa wewe unataka kwenda kuleta kokoto, na mimi nitaishi vipi?"

"Pengine ingekuwa rangi."

"Pengine."

Hasira haikunitoka. Niseme ukweli, nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia Komando. Yule alikosea kwa kutii, huyu alijua. Miaka kumi na sita nimewaambia watu kwamba kila kitu majini kina neno lake la kusema, tukisikilize. Na mtu wangu mwenyewe kaliziba gamba lile mdomo kwa brashi ya waya, maabarani mwangu, kwa bisibisi yangu.

Nilikaa mezani nikavuta ile kadi, ili angalau mikono iwe na kazi. Nilirekebisha hali, nikajaza mwenyewe, na kwenye mahali kilipopatikana nikaandika neno moja, nikakandamiza kalamu mpaka karatasi ikakaribia kutoboka.

"Umeandika nini?" akauliza.

"Haijulikani."

"Soma yote."

Nikamsomea. Kitu, kichwa cha cherehani. Hali, gamba limeondolewa. Mwenyewe, fundi cherehani, ametambuliwa na mkewe. Mahali kilipopatikana, haijulikani.

Shangazi alifungua mkoba wake. Kutoka mfuko wa ndani akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, ya manjano, mikunjo imeanza kuachana. Sikuhitaji kuisoma, ilikuwa ile barua ya ofisi ya vivuko. Aliilaza mezani kando ya kadi yangu, akainyoosha kwa viganja vyote viwili.

"Hawa walijua," alisema. "Tangu siku ile kila mtu anajua. Ofisi inajua, mashemeji wanajua, wauza nyanya wanajua. Wewe ndiye mtu wa kwanza wa serikali kuandika kwamba hajui." Akagusa kadi kwa ncha ya kidole. "Nipe nakala. Na igongwe muhuri."

Nilimpa nakala. Niligonga muhuri mara mbili, kwa sababu wa kwanza ulitoka hafifu. Aliikunja pamoja na ile barua, akafunga mkoba, akaniambia nisisahau kuipaka cherehani mafuta, na kwamba jioni atapitia kwa mashemeji zake. Sikumsindikiza hadi kituoni. Nilimwambia nina kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa sinki. Bomba la kutolea maji chini yake lina kona, na kwenye kona ile takataka nzito hutuama. Najua, kwa sababu mwaka juzi tulipata humo shanga nne tulizodhani zimepotea. Nilipiga magoti na spana na karai. Gamba lile lilikuwa zito. Kipande cha rangi ya kijani kikubwa kama ukucha kingenitosha, au kokoto moja.

Nilikaa vile na spana mkononi mpaka Komando akachungulia mlangoni kuuliza kama nina haja ya msaada. Nikamwambia hapana. Nikasimama, nikafungua bomba la juu mpaka mwisho, nikaacha maji yasukume chochote kilichotuama kwenye kona. Nilihesabu dakika tano kwenye saa ya ukutani. Barua ya eksirei niliipata baadaye sakafuni, imelowa, saini ya mkurugenzi bado inasomeka.